Nusu Iliyobaki Kibuyuni

"Mala haina sukari," Ngendo alisema. "Onja. Onja wewe mwenyewe, halafu unionyeshe sukari iko wapi."

"Sitaki kuonja kitu, Mami."

"Basi usinihukumu na kitu hujaonja."

"Sijakuhukumu. Nimeuliza tu, ulianza kumpa lini?"

Ngendo alichukua ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Nzisa, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la mabati, ameshika kijiko kidogo cha plastiki cha rangi ya waridi, kile alichokuwa amemnunulia mtoto cha kuanzia uji. Alikuwa amekikuta nyuma ya kibuyu, kimefunikwa kwa kitambaa, na pembeni kina ukoko mweupe uliokauka. Hakuhitaji kuuliza ni cha nini. Alikinusa tu. Mala, maziwa yaliyogandishwa yakawa machachu, haifichiki. Unaweza kuficha ng'ombe mzima chini ya kitanda, wageni wakala wakaondoka bila kujua, lakini kijiko kimoja cha mala kitakusema.

Nzisa alikuwa ametoka hospitalini Thika kuja kuchukua nguo safi za mtoto. Ndivyo alivyosema alipoingia. Lakini kilichomleta nyumbani Theta mbiombio vile, bila hata kubadilisha viatu, ni swali la daktari. Asubuhi ile daktari alikuwa amebonyeza tumbo la mtoto, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akauliza, "Mama, huyu nyumbani anakula nini?" Nzisa akasema soya. Daktari akauliza, soya na nini? Nzisa akasema soya tu, kwa sauti ya mtu anayeapa, wodi nzima ikisikia. Daktari akamtazama vile hutazamwa mlevi anayesema ametoka kanisani. Ndipo Nzisa akamwacha mumewe, Gathogo, amekaa na mtoto, kwa sababu katika wodi ile mtoto haachwi peke yake hata kidogo. Mzazi mmoja hatoki mpaka mwenzake awe ameketi pale kitandani.

"Daktari anasema soya haiwezi kuvimbisha ini hivyo," Nzisa alisema. "Anasema kuna kitu kingine kinaingia."

"Na amesema ni mala?"

"Hajui kama kuna mala. Mimi ndio nimejua, saa hii."

"Basi yeye hajui," Ngendo alisema, "na wewe pia hujui. Tuko watatu, wawili hawajui na mmoja anajua, na huyo mmoja ndiye anafagia."

Ngendo hakuwa mtu wa kufundishwa habari za maziwa. Alizaliwa Kamenu, akaolewa Theta wakati Theta ilikuwa mashamba na upepo, na mumewe akamkabidhi mali mbili: nyumba ya udongo ambayo mlango wake haukufunga, na ng'ombe mmoja mweusi aitwaye Nyakairu. Mlango haukuwahi kufunga mpaka nyumba ikaanguka. Nyakairu ndiye aliyebeba kila kitu. Watu wa Theta husema, na hakuna aliyewahi kuja na ushahidi wa kuwapinga, kwamba maziwa ya Nyakairu yalikuwa mazito hata nzi akitua juu yake alitembea kwa miguu mpaka ng'ambo ya sufuria, akajipangusa, akaruka zake. Husema Nyakairu akikohoa, mbwa wa Juja wanaitikia. Husema kwamba mwaka ule wa kiangazi, mito ilipobaki mawe, Nyakairu alikuwa akijikamua mwenyewe kwa kuwahurumia watu. Hilo la mwisho Ngendo alilikana. Alisema ng'ombe yule hakuwa na huruma hata tone, alikuwa na maringo tu.

Maziwa yakamsomesha Gathogo. Maziwa yakamzika mume. Maziwa yakajenga nyumba ya mawe yenye mlango unaofunga. Halafu Theta ikaanza kujaa watu. Mashamba yakakatwa vipande, nyumba za kukodisha zikaota mahali pa malisho, na kitukuu cha Nyakairu kikabaki kimefungwa bandani, kinakula nyasi za kuletewa na kutazama nguo za wapangaji zikikauka kwenye kamba. Maziwa mabichi sasa hata mashine za mjini zinamimina ukilipa. Kwa hivyo Ngendo akashikilia mala, maana mala ya kibuyu hakuna mashine inayoijua.

Kibuyu chake hakikuwahi kuonja sabuni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote na siri yake yote. Alibakiza masalio ya mala ya zamani chini, akamimina maziwa mapya juu, akaziba mdomo kwa gunzi la hindi, akakilaza karibu na meko kama mgonjwa. Baada ya muda kibuyu kilianza kukoroma. Mpangaji mmoja aliyelala upande wa pili wa ukuta alikuja kubisha hodi asubuhi, kwa adabu sana, akamwomba Ngendo amgeuze mzee wake alale ubavu. Mzee alikuwa na miaka mingi kaburini. Mala ile ilipelekwa Mwihoko, kwa kibanda cha Idah cha chapati, na wateja wa Idah waliiulizia kabla hata ya kusalimia.

Gathogo alipomleta Nzisa, msichana wa Kikamba kutoka upande wa Matuu, Ngendo hakumuuliza habari ya ukoo wala kanisa. Alimpa kikombe cha mala. Nzisa akakimaliza, akalamba mdomo wa juu, akasema asante Mami. Ndoa ilifungwa pale. Yaliyofuata yote, mbuzi na wazee na maturubai, yalikuwa ya kujaza siku.

Wakapata mtoto, msichana, na msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Kwa hivyo akaitwa Ngendo. Kwa Wakikuyu huko si kumpa mtoto jina tu, ni kumrudisha mwenye jina duniani kabla hajaondoka. Ngendo mkubwa alimwita wajina, akamsalimia kila asubuhi kwa heshima kama mtu wa rika lake, akamuuliza magoti yanaendeleaje. Nzisa naye akimnyonyesha alisema, "Nyonya, Mami," kwa maana huwezi kumwita mama mkwe wako jina kavu, hata akiwa ana urefu wa mkate.

Wanawake wa kanisa wakaja kumwona mtoto, na kila mmoja akaja na njahi, yale maharage meusi ya mama mzazi. Mama aliyejifungua asipokula njahi, maziwa hayashuki. Kila mtu anajua hivyo. Nzisa alikula njahi asubuhi, akala mchana, akala usiku ndotoni. Na maziwa yakashuka kweli. Mtoto wa jirani akilia kule barabarani, blauzi ya Nzisa ilikuwa inalowa huku ndani. Ngendo alifurahi hata akamweleza ng'ombe.

Lakini mtoto akageuka wa manjano. Wanawake wakasema mwanikeni juani. Akaanza kutapika. Wakasema ananyonya kwa pupa, ana damu ya nyanya yake. Akaanza kulala kutwa nzima bila kulia. Wakasema ni mtoto mzuri huyu, hasumbui. Tumbo likafura na miguu ikakonda, na kila alipodhoofika Ngendo alisema, "Mpe titi," na kila alipopewa titi alidhoofika, na kila alipodhoofika Nzisa aliongezewa njahi. Nyumba nzima ilikuwa inakimbia kwa bidii na kwa upendo kuelekea mahali pabaya.

Mwishowe wakampeleka Thika. Hospitalini walimwambia Nzisa aache kunyonyesha siku ile ile, hata kabla damu iliyopelekwa ng'ambo haijarudi na majibu. Maziwa yako, maziwa ya ng'ombe, maziwa ya mbuzi, yote hapana. Na kwa vile Ngendo alikataa kutoka chumbani mpaka aelezwe ni maziwa gani hayo yanayougua, wakamwitia Nekesa.

Nekesa alikuwa mtaalamu wa lishe pale, Mluhya mwenye sauti ya kwaya na kicheko kinachotangulia maneno. Alivuta kiti, akamwita Ngendo shosho, yaani nyanya, akatoa kipande cha mkate mkavu mfukoni mwa koti jeupe.

"Shosho, tafuna hii. Usimeze."

"Nimeleta mtoto mgonjwa. Si mimi nimekuja kulishwa."

"Tafuna tu. Usimeze."

Ngendo akatafuna, meno aliyobaki nayo yakijitahidi. Akatafuna mpaka mkate ukawa uji.

"Sasa unasikia nini kwa ulimi?"

Ngendo alisita. "Utamu," alisema. "Umeweka sukari?"

"Sijaweka. Sukari imetoka kwa mkate. Mate yako yamekata ule mkate vipande vidogo sana, na hivyo vipande ndio sukari. Ndani ya mate kuna kitu cha kukata, kinaitwa kimeng'enya."

"Hilo ni jina la mdudu wa mahindi."

"Si mdudu, shosho," Nekesa alisema akicheka. "Hakina uhai, hakizai. Ni kama mkono. Umewaona akina mama wa soko wakimenya minji? Mkono unafungua ganda, minji inatoka, mkono unabaki vile vile, unachukua ganda lingine. Mkono hautumiki ukaisha. Na mkono huo hiyo ndio kazi yake, hauna ingine. Mwenzake anachambua, mwingine anafungasha. Sasa mwili umejengwa kwa seli, ndogo kuliko unga, hata macho hayazioni, na kila seli moja imejaa hiyo mikono maelfu. Chakula kinapitishwa, mkono kwa mkono, kila mkono unakibadilisha kidogo, mpaka kiwe nguvu, kiwe joto, kiwe nyama. Huko kupitishana ndiko kuishi. Kukisimama, hata kama mwili bado una joto, hakuna mtu."

"Na huyu wajina wangu?"

"Huyu, kwa ule mstari wake wa mikono, mama mmoja hakuja kazini. Hakuja tangu mimba. Sukari ya maziwa ni sukari mbili zimeshikana kama mapacha. Tumbo linawatenganisha, hapo mtoto yuko sawa. Pacha wa kwanza anaenda kuchomwa, anakuwa nguvu. Pacha wa pili anaitwa galaktosi, na huyo haingii motoni mpaka ageuzwe, na yule mama wa kumgeuza ndiye hayuko. Kwa hivyo anarundikana. Maziwa mengine yakija, rundo linakua. Linaenda kwa ini, linaenda kwa macho, linaenda kwa ubongo. Ni kama takataka imefunga njia, halafu inaanza kuozea hapo hapo."

Ngendo akauliza swali ambalo alikuwa amelikalia tangu aingie. "Hiyo kitu imetoka Ukambani?"

"Lazima itoke pande zote mbili. Upande mmoja peke yake hauwezi. Gathogo amebeba nusu, Nzisa amebeba nusu, na hakuna aliyejua."

Ngendo na Nzisa walitazamana kama wanawake wawili waliokutana harusini wamevaa kitenge kimoja.

"Na mala?" Ngendo aliuliza, kwa maana hakuna mazungumzo aliyowahi kuyamaliza bila kufika huko. "Maziwa yanageuka aje kuwa mala?"

"Ni hiyo hiyo kazi. Kibuyu chako kimejaa vijidudu, na hivyo navyo viko na vimeng'enya vyao. Vinakula sukari ya maziwa, vinatoa uchachu. Wewe shosho umekuwa mwenye kiwanda miaka yote na hukujua."

Nekesa alicheka, na Ngendo akacheka, na muuguzi akamwita Nekesa mlangoni, akaenda. Maneno yakaishia hapo. Ngendo akarudi Theta amebeba moja tu kati ya yale yote: vinakula sukari ya maziwa.

Wakamweka mtoto kwenye soya, unga wa mkebe wa kukorogwa na maji. Nzisa akafunga matiti kwa leso, maziwa yakashuka hivyo hivyo kwa njahi zilizokuwa bado mwilini, akawa anayakamulia kwenye sinki akitazama ukutani. Umanjano ukaondoka. Ukungu uliokuwa umeanza machoni ukapungua. Daktari hakuwadanganya. Alisema ini lilishaumia, na mtoto kama huyu hata akilindwa vipi huenda achelewe kusema, achelewe kutembea, na yale yaliyokwisha kuharibika ubongoni hawezi kumwahidi mtu. Lakini ataishi, akikaa mbali na maziwa. Hilo ndilo walilopewa, wakalikubali kama mtu anavyokubali kiti kilichovunjika mguu.

Nzisa akarudi kazini, kiwanda cha nguo Ruiru, na kutwa nzima Ngendo mdogo akawa mikononi mwa Ngendo mkubwa.

Soya ilinuka kama gunia la maharage lililonyeshewa. Mtoto aliinywa kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Alikunja uso, akalia, akalala, akaamka akalia tena. Ngendo alimbeba mgongoni akikama, akamweka kwenye beseni akisonga ugali, akamsimulia habari za Nyakairu na za nzi anayetembea, na mtoto alimtazama bila kucheka, kama mzee wa kanisa anayesubiri hotuba iishe. Katika nyumba iliyojengwa kwa maziwa, mwenye jina lake alikuwa ananyimwa maziwa. Ngendo hakulalamika kwa mtu yeyote. Ila aliacha kunywa mala yake mbele ya mtoto. Alienda kunywea nyuma ya banda, kama mwizi.

Siku moja alikuwa anapima mala ya Idah. Alichovya kidole kibuyuni, akakitia mdomoni, na hapo ndipo mkate wa Nekesa ulipomrudia. Mkate ulimwambia ulimi ukweli. Sukari ilipotokea, ulimi ulijua. Sasa ulimi ulikuwa unasema chachu, chachu kavu, hakuna utamu hata wa kusingizia. Kwa hivyo sukari imeliwa. Kibuyu kimefanya ile kazi ambayo yule mama wa mstari hakuja kuifanya. Mtoto hana mkono, kibuyu kinao. Si ndiyo maana ya nyanya kuwa na kibuyu? Alisimama pale kwa muda mrefu, anafikiri, maana hakuwa mjinga wala mbishi. Alipindua hesabu ile huku na huku, ikatoka sawa kila mara.

Akachovya kidole tena, akampaka mtoto mdomoni.

Ngendo mdogo alikunja uso. Akapiga chafya. Halafu akacheka, kicheko cha kwanza ambacho mtu yeyote alikuwa amekisikia kutoka kwake, kidogo na chenye kwikwi, akafungua mdomo kutaka tena.

Ngendo alilia akicheka. Kuanzia hapo ilikuwa ni kijiko. Hakumwambia Nzisa kwa sababu alitaka mtoto kwanza anone, aongee mwenyewe kwa mashavu yake. Mashavu hayakuja. Tumbo likaja. Ukungu ukarudi machoni, kama dirisha ambalo mtu amelipumulia. Ngendo aliona, na akafanya vile alivyokuwa amefanya maisha yake yote akiona mtoto anadhoofika. Akaongeza kijiko.

Mtoto alipotapika damu, Gathogo alimkimbiza Thika. Na sasa Nzisa alikuwa mlangoni na kijiko.

"Mimi sitabishana na wewe," Nzisa alisema. "Nampigia Nekesa."

"Mpigie. Yeye mwenyewe ndiye alisema."

Nzisa akabonyeza simu, akaifungua sauti, akaiweka juu ya kigoda kati yao. Nekesa alishika akiwa nyumbani kwake Kamenu. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na nyuma yake ilisikika nguo zikifuliwa na redio ya jirani. Nzisa hakuzunguka. Alisema mtoto amelazwa, na Mami amekuwa akimpa mala ya kibuyu, na Mami anasema haina sukari.

Sauti ya kufua ilinyamaza.

"Shosho uko hapo?"

"Niko."

"Umempa kwa muda gani?"

"Tangu aanze kukaa mwenyewe," Ngendo alisema. "Wewe ulisema vijidudu vinakula sukari ya maziwa. Na nikaonja. Haikuwa na utamu, Nekesa. Nilionja vile ulinifunza."

Nekesa alivuta pumzi, ikasikika simuni kama upepo kwenye bati.

"Havili yote, shosho. Sukari nyingi inabaki vile ilivyo, ile chachu inafunika tu, ulimi hausikii. Na ile inaliwa, vinafanyaje? Vinawatenganisha mapacha. Halafu vinakula mmoja. Mwingine vingi havimtaki. Vinamwacha hapo kibuyuni."

"Vinamwacha yupi?"

"Galaktosi," Nekesa alisema. "Yule yule."

Redio ya jirani wa Nekesa ilikuwa inatangaza sabuni. Walimsikiliza mtangazaji mpaka akamaliza.

"Kwa hivyo kibuyu kilimenya," Ngendo alisema polepole, "kikala chake, na mimi nikampa wajina hiyo ingine."

"Hukujua, shosho. Mimi ndio nilifaa kumaliza kile nilikuwa nasema siku hiyo. Niliitwa mlangoni nikaenda."

"Nikiacha leo?"

"Nzisa, piga simu wodi saa hii. Mwambie daktari kila kitu, mala, kijiko, tangu lini. Asikie kutoka kwako. Shosho, kuacha lazima uache. Lakini ini likishafika hapo, mimi sitakudanganya. Yule mama hayuko kwa ule mstari. Hata tukimwombea, hataripoti kazini."

Simu ikakatika. Nzisa akampigia Gathogo amtafutie daktari. Simu ya Gathogo iliita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita mpaka ikanyamaza.

"Huko wodini network ni mbaya," alisema, si kwa Ngendo hasa.

Ngendo alikuwa amekiinua kibuyu. Alikipakata mkononi vile mtu hubeba mtoto anayelala, kichwa kikiwa kwenye kiwiko. Akakitikisa, kikajibu, kizito, kimejaa. Ilikuwa mala ya Idah ya kesho. Akaenda nacho mpaka kwenye mtaro wa banda, akaondoa gunzi, akakiinamisha. Mala ilitoka kwa mabonge, nyeupe, na kuku wakaja mbio kuila. Ngendo hakuwafukuza. Akarudi jikoni.

"Sabuni iko wapi?" alisema.

"Sabuni ya nini?"

"Ya hiki."

Nzisa alimtazama. Alikuwa ameishi katika nyumba ile muda wa kutosha kujua kwamba kibuyu kikishaonja sabuni hakitagandisha mala tena, si ya kesho, si ya mwaka kesho. Kuna wanawake waliowahi kufukuzwa Theta kwa kukaribia kile kibuyu na kitambaa chenye povu, au ndivyo inavyosimuliwa. Alifungua kabati, akatoa kipande cha sabuni, akampa.

Ngendo alimimina maji ya moto, akaweka sabuni, akaanza kusugua ndani kwa kijiti chenye nyuzi za katani. Povu likapanda mpaka mdomoni mwa kibuyu. Alisugua kwa muda mrefu, mgongo ameupinda, na alipoongea aliongea na povu.

"Alikuwa ananichekea," alisema. "Nikishika hiki kijiko tu. Nikikishika tu, kabla sijachota, alikuwa ananichekea."

"Mimi hajawahi kunichekea," Nzisa alisema. Ilitoka kabla hajaichuja, na baada ya kutoka alikaa chini kwenye kigoda, simu mapajani, akafunika macho kwa kiganja. "Ananiona jioni tu. Akiniona analia."

"Analia kwa sababu unanukia maziwa bado. Mtoto anajua."

"Mami, usiseme hivyo."

"Sawa. Sisemi."

Maji ya sabuni yalimwagika mpaka miguuni mwa Nzisa, wala hakuisogeza.

"Nitamwambiaje Gathogo?" Nzisa alisema. "Niambie wewe. Nitaanzia wapi? Nikisema ni wewe, hatakuangalia tena maisha yake yote. Nikisema ni mimi, mimi nitaenda wapi? Nirudi Matuu niwaambie nini?"

"Sema ni mimi."

"Na wewe utakaa hapa na nani?"

"Nitakaa na ng'ombe. Ng'ombe haulizi." Ngendo alimwaga povu, akamimina maji mengine. "Ukimwambia, usimwambie mambo ya mapacha. Hiyo ni ndefu, na yeye hana subira, hata akiwa mdogo hakuwa nayo. Mwambie mama yako alionja akadhani. Mwambie tu hivyo, mama yako alio—"

Lango la mabati liligonga. Mbwa hakubweka, kwa hivyo alikuwa mtu wa nyumbani. Hatua zilipita kando ya banda, kuku wakatawanyika kutoka kwenye mtaro, na Gathogo akaingia jikoni, ameinama kidogo kwa ajili ya mlango ule mfupi. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye mkebe wa soya na blanketi la mtoto, la manjano, lililokunjwa vizuri, kwa pembe nne, vile yeye hakuwahi kulikunja. Aliwatazama wanawake wawili, akatazama kijiko kigodani, akatazama povu.

Hakuna aliyemuuliza amemwacha mtoto na nani.